Kaseti ya Harusi ya Sheilah

Kaseti ile ilikuwa kavu, lakini ilipowekwa juu ya meza iliacha alama ya maji. Truphena aliipangusa kwa kiganja na kuendelea kumsikiliza mzee aliyeileta.

Mambo madogo ya namna hiyo hayakumshughulisha tena. Tangu mumewe, Ojakol, alipogongwa na lori karibu na Amagoro akitoka kurekodi harusi ya watu, Truphena alikula bila kuonja na kulala bila kuota. Alifungua duka asubuhi na kulifunga jioni kama anayemshikia mtu mwingine zamu. Hakuwa amelia. Hata kaburini hakulia, na wakwe zake walilisema jambo hilo mbele yake, naye akawasikiliza kama wanaozungumzia mtu wa kijiji kingine. Wateja walipoulizia bwana, jibu lake lilikuwa neno moja: "Hayupo." Wengine walidhani amevuka kwenda Tororo, wakasema watarudi.

Duka lao lilikuwa Malaba, upande wa Kenya, kando ya barabara ambapo matrela yalipanga foleni yakingoja kuvuka mpaka. Ojakol ndiye aliyebeba kamera. Truphena alikaa ndani na mashine: alizihamisha picha kutoka kaseti ndogo ya kamera kwenda kaseti kubwa ya deki ya video, akakata sehemu mbaya, akapachika nyimbo. Kwenye ubao juu ya mlango waliandika majina yao yote mawili.

"Mama, unanikumbuka?" mzee aliuliza. "Mimi ni Methuselah, wa Rukala, kule Budalang'i. Bwana yako ndiye alitupiga video ya harusi ya msichana wangu, Sheilah."

"Nakumbuka, mzee."

"Kabla hajaiweka kwa kaseti kubwa, ndio ile mambo ikamfanyikia. Mimi nikakuja nikachukua hii ndogo. Sasa kijana wangu Elly akaomba mwalimu wake kamera, akarekodi mpira ya shule. Amerekodi juu ya harusi, mama. Hakujua."

"Na Sheilah mwenyewe anasemaje?"

Mzee aliitazama kofia yake magotini. "Sheilah maji ilimchukua. Wakati wa hii mvua ya El Nino, Nzoia ikivunja kingo. Alikuwa anatembea juu ya tuta la mto na wenzake wakitafuta mahali pakavu. Wenzake wanasema alisimama, akageuka, kama mtu ameitwa kutoka nyuma. Halafu hakuwa hapo tena."

"Pole, mzee."

"Mama yake ako Nangina, hospitali. Daktari anataka kumpasua tumbo wiki hii, na anasema wakichelewa hatapona. Lakini Phelister amekataa. Anasema haingii huko ndani mpaka aone msichana wake, hata mara moja. Tumembembeleza, ameziba masikio. Kwa nyumba hatuna picha ingine. Maji ilibeba zote."

Truphena aliigeuza kaseti mkononi. "Nisikudanganye, mzee. Ukirekodi juu, ile ya chini inafutika, hairudi. Lakini kama mpira ilikuwa fupi kuliko harusi, mkia ya harusi imebaki. Hiyo naweza kukutolea."

"Hata kama ni uso peke yake," mzee alisema. "Uso tu, mama."

Mzee alipoondoka, Truphena alisafisha kichwa cha kusoma utepe ndani ya kamera ya Ojakol kwa pamba na spiriti, akaiunganisha kwa waya na deki na runinga, akaiingiza ile kaseti. Wavulana walikimbiza mpira katika uwanja wenye madimbwi. Kisha picha ikakatika, zikaja chenga nyeupe zikivuma kama mvua juu ya mabati, na baada ya chenga akatokea bibi harusi, amesimama mbele ya keki, mgongo kwenye kamera.

"Geuka kidogo, bibi harusi," sauti ilisema. "Geuka nikuone."

Sheilah aligeuka na kucheka, akaziba mdomo kwa mkono wenye glavu. Picha ikaisha.

Mikono ya Truphena ilibaki magotini. Ile ilikuwa sauti ya Ojakol, na mafua yake yasiyopona. Aliirudisha kaseti nyuma akaisikiliza tena. Hakuhisi furaha wala uchungu. Alihisi kitu kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu na sasa damu inaanza kurudi, ikichomachoma, na hajajua bado kama ni maumivu.

Alizihamisha picha zile kwenye kaseti kubwa, kazi ya dakika chache, lakini alipoijaribu nakala hakukuwa na Sheilah wala keki. Kulikuwa na chenga tu, na chini yake sauti ya maji yanayopita taratibu. Akajaribu waya mwingine. Akajaribu deki ya pili. Maji tu.

Kesho yake alijaribu tena, safari hii akiwa na Jacinter, rafiki yake aliyekodi chumba cha nyuma na kupiga picha za pasipoti. Jacinter alisimama mlangoni, akakunja pua.

"Dada, kuna nini humu? Kunanuka tope."

"Ni mtaro wa nje."

"Si mtaro. Hii ni tope ya mafuriko. Mimi nimezaliwa Budalang'i, naijua."

Macho ya Truphena yalikuwa runingani, ambako mpira wa shule ulikuwa umepungua. Jana wavulana walicheza mpaka refa akapuliza filimbi. Leo mmoja wao alikimbilia kona, na kabla hajaufikia mpira akawa anakimbia katikati ya wanawake wa harusi wenye leso mabegani, kisha yeye akatoweka na wanawake wakabaki. Harusi ilikuwa ikirudi. Walionekana wapishi, walionekana wazee chini ya turubai, alionekana Sheilah akishuka kwenye gari, na kila mara ile sauti nyuma ya kamera ilikohoa na kusema, hapo hapo, simama hapo, geuka kidogo.

"Si ulisema iliyofutika hairudi?" Jacinter alinong'ona.

"Hairudi."

"Na hii?"

"Hii sijui."

Angeweza kuitoa kaseti saa ile na kumwambia mzee kwamba imeshindikana. Alijiambia anaendelea kwa ajili ya yule mama wa Nangina. Lakini Jacinter alipokwenda kupiga picha za wateja, Truphena aliongeza sauti na kulaza kichwa karibu na runinga, na hapo, katikati ya vigelegele, sauti ikasema polepole, "Truphena."

Ojakol hakuwahi kumwita Truphena. Alimwita Trufe, tangu siku ya kwanza, hata mbele ya baba mkwe. Jina zima lilikuwa kwenye ubao wa duka tu. Truphena alilijua hilo, na akaendelea kusikiliza.

Siku iliyofuata mpira haukuwepo kabisa. Harusi ilianza mwanzo ikaenda hadi kwenye keki, na mahali ilipokuwa ikiishia haikuishia. Kamera iligeuka, ikawaacha watu na turubai lao, ikatoka nje ya boma. Ilitembea. Ilipita soko la Rukala lililojaa maji, ikapanda juu ya tuta, na watu wote waliokuwa njiani walikuwa wameipa mgongo.

"Nani amebeba hiyo kamera?" Jacinter aliuliza. Alikuwa amemshika Truphena mkono bila kujua. "Harusi ilikuwa wakati wa kiangazi. Haya maji yametoka wapi?"

"Ni Ojakol."

"Ojakol alikuwa amezikwa maji ikija, dada!"

 Walitazama wote wawili, mmoja kwa sababu ya woga na mwingine kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama, jinsi kamera ilivyoiacha Rukala nyuma, ikafika Funyula na kupita katikati ya wachuuzi wa samaki, ikapita njia ya kwenda hospitali ya Nangina bila kusimama, kama kitu kinachojua kinakokwenda na hakina haja na mgonjwa. Ikafika Busia, ikashika barabara ya Alupe, na harufu ya tope ikazidi ndani ya duka mpaka Jacinter akafunika pua kwa kitambaa. Miguu ya aliyeibeba haikusikika. Kilichosikika ni pumzi yake, pumzi nzito yenye majimaji, na kila ilipotoka, kioo cha runinga kilitia ukungu kwa ndani.

Jacinter alichomoa waya ukutani. "Kesho unamrudishia mzee kaseti yake. Tafadhali."

"Kesho," Truphena alisema.

Lakini kesho ilipofika, jua likiwa juu kabisa, Truphena alikuwa ameketi tena mbele ya runinga. Nje matrela yalinguruma kama kawaida. Ng'ambo ya barabara Petronilla, mama wa chai, aliinama juu ya jiko lake akimimina chai ya maziwa kwenye vikombe vya madereva. Truphena alimwona kupitia dirishani. Kisha akamwona runingani, ameinama vilevile, na kanga ileile ya manjano kiunoni, kwa sababu kamera ilikuwa imefika Malaba.

"Mama wa chai," sauti ilisema. "Geuka kidogo nikuone."

Runingani, Petronilla aligeuka. Dirishani, Petronilla aliinua kichwa, akageuka polepole kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu, akabaki hivyo, macho wazi, na birika mkononi likaendelea kumwaga chai, kwanza juu ya kikombe, kisha juu ya meza, kisha juu ya vidole vyake, na hakuuondoa mkono. Madereva wakapiga kelele. Mmoja akampokonya birika. Petronilla hakulia wala kupepesa macho, alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Jacinter aliingia mbio. "Umeona? Umeona Petronilla?"

"Nimeona. Aliitwa."

"Naenda kumleta Bi Nasimiyu. Zima hiyo kitu na usiguse tena!"

Bi Nasimiyu alikuwa mama wa Kiislamu mwenye asili ya Mumias, aliyekaa nyuma ya msikiti na kuwasomea wagonjwa aya za Kurani. Wakristo wa Malaba walimsema Jumapili na kumwendea siku nyingine.

Truphena alizima runinga. Haikuzimika. Alichomoa waya wa umeme, akaishika ile plagi mkononi na kuitazama, na picha ikaendelea kutembea: ikavuka barabara kati ya matrela mawili, ikasimama chini ya ubao wenye majina yao, ikakaa pale kitambo kama inayousoma. Kisha ikaingia. Ngurumo ya matrela ikafifia, ikawa kama mtu ameufunga mlango wa dunia, na katika kimya kile Truphena aliona runingani kiti, na juu ya kiti mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, mgongo kwenye kamera, mbele yake runinga ndogo, na ndani ya runinga ile mwanamke yuleyule tena, mdogo kama punje, na nyuma yake maji yalikuwa yakidondoka sakafuni, tone, tone, si runingani sasa bali hapa, nyuma ya kisogo chake, na pumzi ile nzito ikamgusa shingo, baridi, yenye harufu ya vitu vilivyolala siku nyingi chini ya mto.

"Truphena. Geuka kidogo nikuone."

Hakugeuka. Hakuwa jasiri. Ni vile tu kwamba kwa miezi mingi hakuwa na haraka ya jambo lolote, na mwili wake ulikuwa umesahau kuitika.

"Mimi si Truphena kwako," alisema kwa sauti ndogo. "Mume wangu haniiti hivyo."

 Matone yaliendelea. Kisha, karibu kabisa na sikio, kwa sauti ya mafua na yenye kicheko kidogo mwishoni, kile kitu kikasema:

"Trufe."

Shingo yake ikaanza kugeuka.

"Usigeuke!" Bi Nasimiyu alikuwa amefika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mbele ya Truphena, Jacinter akiwa nyuma yake amefunika macho kwa mikono. Mama yule mzee alikuwa mfupi, mwembamba, ametoka mbio bila kujifunga vizuri mtandio. "Mama, niangalie mimi. Niangalie mimi peke yangu. Huyo nyuma yako ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo ni jibu la mtu aliyesafiri. Amesafiri?"

 Mkono ulikuwa umewekwa begani mwa Truphena, mzito, na maji yalishuka kifuani mwake yakilowesha blauzi.

"Hiki kitu hakina sauti yake chenyewe," Bi Nasimiyu alisema, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kisha akaukatiza usomaji wake. "Kilimwita yule binti mtoni. Picha yake ilipofutwa, kikaingia pale palipofutwa. Jini hupenda mahali palipohamwa, mama. Kimeikuta sauti ya mumeo pale, na kimekukuta wewe hujamwachilia. Mimi nitasoma mpaka koo likauke, lakini mlango umeushika wewe. Mume wako yuko wapi?"

"Trufe," sauti ilisema. "Usimsikilize. Nimetembea mbali."

Ndivyo Ojakol alivyosema kila aliporudi nyumbani. Truphena alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani chakula. Aliona kwamba angemwona, na kwamba haingejalisha angeona nini, na kwamba baada ya hapo asingehitaji tena kufungua duka asubuhi. Macho yake yaling'ang'ania uso wa yule mama, na midomo yake ikawa mizito kama inayosogeza mawe.

"Alikufa," alisema.

"Nani?"

"Ojakol. Ojakol alikufa. Nilimvisha soksi mwenyewe. Nilitupa udongo juu ya sanduku. Huyu simjui."

Bi Nasimiyu alipaza sauti ya kisomo, na mle dukani kukatokea mlio kama wa utepe unaovutwa ukakatika. Mkono ukaondoka begani. Kamera juu ya meza ikafunguka yenyewe, ikatapika maji ya udongo mwekundu, yakajaa mezani na kumwagika sakafuni, mengi kuliko yanayoweza kubebwa na kitu kidogo namna ile. Kisha matrela yakasikika tena nje, dereva mmoja akimtukana mwenzake, na Truphena akajua kwamba kimekwenda.

Kaseti ilikuwa imeoza. Walipoivuta, utepe ulikatika vipande vyenye utelezi kama mwani. Bi Nasimiyu aliizika mahali palipoinuka, mbali na maji, na hakutaka wamwonyeshe kamera.

Petronilla alisema neno la kwanza jioni ile, akauliza nani amemuunguza vidole. Aliendelea kuuza chai miaka mingi baadaye, lakini ukitaka chai kwake ilibidi umzunguke usimame mbele yake. Ukimwita kutoka nyuma hakuitika, hata ungekuwa mwanawe.

Truphena hakumuuliza Jacinter alichokiona mlangoni kabla ya kufunika macho. Jacinter alimwambia mwenyewe, siku moja wakila: "Alikuwa na shati ya Ojakol. Ile ya mistari. Lakini uso ulikuwa upande ule vifungo haviko." Hawakulizungumzia tena.

Asubuhi iliyofuata Truphena alikwenda Nangina mikono mitupu. Mzee Methuselah alimpokea kwenye veranda ya wodi, akautazama mkoba wake, akaelewa.

"Haikutoka," alisema.

"Imeharibika yote, mzee. Nisamehe."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kumwambia mama. Mimi nilimuona."

Phelister alilala ubavu, amegeukia ukuta, mwili wote umekwisha isipokuwa tumbo. Truphena hakumwita. Alibeba kiti, akazunguka kitanda, akajibana kati ya kitanda na ukuta mpaka wakatazamana.

"Mama, video hakuna. Lakini niliona harusi mwanzo mpaka mwisho kabla haijaharibika. Kama unataka, nitakuambia alivyokuwa."

Mgonjwa aliinua kichwa kidogo. "Alishuka gari na mguu gani?"

"Wa kushoto. Kiatu kikakwama kwa gauni, akashika bega la dereva asianguke."

"Ni kweli," Phelister alisema. "Ni kweli. Endelea."

Truphena akaendelea. Alisimulia bila kupamba, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka aliyotumia kila siku: rangi ya maua, shangazi aliyecheza mpaka kilemba kikadondoka, glavu, kicheko, mkono mdomoni. Alisema pia mpiga picha alikuwa akikohoa. Phelister alifumba macho, na kila mara alipodhani msimulizi amefika mwisho aliuliza kitu kingine, na Truphena alikijua. Walipomaliza, yule mama alinyoosha mkono, akamgusa mumewe.

"Waambie wakuje wanichukue," alisema. "Niko tayari."

Walimchukua. Truphena alitoka nje akakaa kwenye benchi ya veranda, akiwa na nia ya kuondoka. Hakuondoka. Aliinama, na kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, cha mdomo wazi, mpaka watu waliopanga foleni ya dawa wakageuka.

Muuguzi mmoja alikuja mbio, akamshika mabega. "Pole, mama. Pole sana. Umefiwa?"

"Nimefiwa," Truphena alisema. "Na mume wangu."

"Uwii! Saa hii? Ako wodi gani?"

"Hapana, dada," alisema, akivuta pumzi. "Ni mwaka jana."